Taharuki katika Filamu: Kutoka Vugiri hadi Vibanda vya Video vya Maziwa Makuu

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa maana ya taharuki, hujibu upesi kwamba ni mbinu ya mtunzi kumfanya msomaji awe na hamu ya kujua litakalofuata. Jibu hilo linamtosha mtahiniwa kupata alama zake mbili, lakini halituelezi hamu hiyo hutengenezwaje. Katika makala haya tunakusudia kulifuatilia suala hili nje ya kitabu, katika filamu, na hasa katika historia ya filamu kwenye eneo letu la Afrika Mashariki na Maziwa Makuu. Tunafanya hivyo kwa sababu hapa palikuwa na ubishi ambao vijana wetu wengi hawajausikia. Walikuwepo wataalamu, tena wenye vyeo, walioandika kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kuielewa lugha ya kamera na kwamba filamu za kumtia wasiwasi si stahili yake.

Tuanze na neno lenyewe. Taharuki limetokana na Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupatia pia harakati. Maana yake ya asili ni kusogea, kwenda, kutotulia. Kiswahili kililichukua neno hilo na kulihamishia moyoni: aliyetaharuki ni yule ambaye moyo wake haukai mahali pamoja. Tunalitaja hili kwa kuwa filamu nayo ni picha zinazokwenda, na ufundi wa filamu ya kusisimua ni kuufanya mwendo wa picha uwe mwendo wa moyo.

Ufundi huo ulianza kushika sura mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 mwongozaji wa Marekani D. W. Griffith alitoa filamu fupi iitwayo The Lonely Villa. Mama na mabinti zake wamejifungia chumbani, wezi wanavunja mlango, na baba yuko mbali, naye anapata habari kwa simu. Griffith hakukionyesha kisa kimoja hadi mwisho ndipo aende kwa kingine. Alikata picha kwa kupokezana: mlango, baba njiani, mlango, baba njiani. Kila picha ya baba inapokuja, mtazamaji anabaki na swali la mlango. (Msomaji wa riwaya za Kiswahili hatakosa kumkumbuka Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo ya mwaka 1965. Simu ni chombo kizuri sana kwa mtunzi wa taharuki, kwani humpa mtu habari pasipo kumpa uwezo wa kufika.)

Aliyeieleza nadharia yake waziwazi zaidi ni Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyehamia Marekani, katika mazungumzo yake marefu na François Truffaut yaliyofanyika mwaka 1962. Mfano wake ni wa bomu lililo chini ya meza. Watu wanazungumza mambo ya kawaida, ghafla bomu linalipuka: mtazamaji ameshtuka kwa sekunde chache, basi. Lakini ikiwa mtazamaji amekwisha kuonyeshwa bomu likitegwa na saa ukutani inaonekana, mazungumzo yale yale ya kawaida yanageuka mateso ya dakika nyingi. Mtazamaji anataka kuwapigia kelele wale watu: acheni maneno, ondokeni! Kwa hiyo taharuki haitokani na kuficha tu, kama vitabu vingi vya shule vinavyodokeza. Mara nyingi hutokana na kumpa mtazamaji habari ambayo mhusika hana. Walimu wa fasihi wataona mara moja kwamba hiki ni kinaya cha kitamthilia, kilichowekewa saa.

Kamera ndiyo inayogawa habari hizo. Katika Notorious ya mwaka 1946, Hitchcock anaanza juu kabisa ya ukumbi uliojaa wageni, kisha kamera inashuka polepole bila kukatwa mpaka inaishia kwenye kiganja cha mwanamke kilichofumba ufunguo. Hapana neno linalosemwa. Picha pana imetuambia hii ni sherehe, na picha ya karibu imetuambia hapa pana siri. Katika Vertigo ya mwaka 1958 kamera inarudi nyuma huku lenzi ikiivuta picha mbele, na ngazi zinaonekana kurefuka chini ya miguu ya mtu anayeogopa vimo. Psycho ya mwaka 1960 inasifiwa kwa tukio la bafuni, sekunde zipatazo 45 zenye mikato takriban 50. Sisi tunadhani tukio hilo ni la mshtuko zaidi kuliko taharuki. Taharuki yenyewe inakuja baadaye, mpelelezi anapopanda ngazi za nyumba ile ile bila haraka, nasi tumekwisha kujua aina ya watu wanaoishi humo.

Je, haya ni mageni kwetu? Mtoto aliyekua akisikiliza ngano jioni hawezi kusema hivyo. Katika visa vya zimwi vinavyojulikana kote Afrika Mashariki, msichana amejificha, na zimwi limejifunza kuiga sauti ya ndugu yake. Msikilizaji anajua anayeimba mlangoni si ndugu. Msichana hajui. Wimbo unarudiwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila unaporudiwa fanani anapunguza mwendo. Bomu liko chini ya meza muda wote huo. Fanani hana kamera, lakini ana sauti, macho na mikono, na anajua lini anyamaze.

Sasa tuingie katika ule ubishi. Mwaka 1935 ulianzishwa mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika. Uliongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, chini ya baraza la kimataifa la wamisionari na kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani. Hadi mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu zipatazo 35, na maelezo yake yaliwekwa kwenye sahani za santuri katika Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili. Mada zilikuwa kodi, safura, malaria ya watoto, kilimo na kadhalika. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anazika fedha zake na mwizi anaziiba, mwingine anapeleka zake benki. Hata filamu ya posta, basi, haikuweza kufanya kazi yake bila mwizi. Mtu anafukia fedha na mtazamaji anajua hazitakaa salama. Waelimishaji walihitaji taharuki ingawa lengo lao lilikuwa vitabu vya akiba.

Baada ya hapo njia ilizidi kuwa nyembamba. Mwaka 1939 Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kikiongozwa na William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nijeria. Sellers alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika asiye na elimu anahitaji filamu ya namna yake peke yake: mwendo wa polepole, picha ndefu, kamera iliyotulia, hakuna kukata kutoka mahali hadi mahali, hakuna picha za karibu za ghafla, hakuna hila za muda. Kilisimuliwa kisa cha wanakijiji waliosema hawana haja ya kuogopa mbu kwa sababu mbu wao si wakubwa kama yule wa kwenye kitambaa. Kisa kingine, kilichosimuliwa na John Wilson na kuenezwa na Marshall McLuhan katika kitabu chake cha mwaka 1962, ni cha wanakijiji walioonyeshwa filamu ya usafi na walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Watengenezaji wenyewe hawakujua kuwa kulikuwa na kuku. Walipoitazama upya filamu yao waliona kuku akikatiza kwa muda mfupi sana pembeni.

Visa hivi vilitolewa kuwa ushahidi wa upungufu wa mtazamaji. Sisi tunavisoma vingine. Mtu aliyemwona kuku ambaye mtengenezaji, mpiga picha na mhariri hawakumwona ana macho makali, si dhaifu. Alitafuta kitu chenye uhai na kinachokwenda ghafla katika picha iliyojaa mtu anayesafisha uwanja polepole, bila tatizo, bila adui, bila swali. Hakupewa sababu ya kutazama kitu kingine. Na yule wa mbu, tukimfikiria vizuri, huenda alikuwa akimtania ofisa wa afya. Ajabu ni kwamba dhana hii ilidumu kwa miaka mingi (Kitengo kilifungwa mwaka 1955) bila wenye nayo kujiuliza ikiwa tatizo ni filamu zao.

Upande wa Wabelgiji mambo hayakuwa tofauti sana. Mwaka 1945 serikali ya Kongo ya Kibelgiji iliweka kanuni ya kuwazuia Waafrika kuingia katika maonyesho ya filamu ambazo hazikupitishwa kwa ajili yao. Mwaka 1952 L. Van Bever alichapisha huko Brussels kitabu kuhusu sinema kwa Waafrika, akisema kwamba Mwafrika kwa jumla hajakomaa kwa sinema. Filamu za kuwafaa "wasiokomaa" zilitengenezwa na mapadre, ambao walikuwa na vituo Léopoldville, Luluabourg na hata jirani yetu Bukavu. Zilizopendwa ni vichekesho vya Matamata na Pilipili, vilivyotengenezwa na Padre Albert Van Haelst wa Luluabourg. Ni filamu za kuchekesha kweli, lakini katika mpango ule mtu mzima alipewa kicheko na funzo, akanyimwa hofu.

Je, watazamaji walikubali? Huko huko Kinshasa, katika miaka ya 1950, vijana walitazama filamu za makauboi kwa wingi mpaka wakaunda magenge, wakajiita Bills kwa jina la Buffalo Bill, na wakabuni msimbo wao wa mitaani uitwao Hindubill. Filamu za makauboi zimejaa kila kitu ambacho Sellers aliogopa: mikato ya haraka, picha ya karibu ya jicho na ya mkono juu ya bastola, mbio za farasi zinazokatwa kwa kupokezana. Vijana walizielewa kiasi cha kutoa humo lugha nzima. Kwa mwanaisimu ushahidi huu una uzito kuliko maoni ya ofisa yeyote.

Kuja kwa video kulileta jambo ambalo halikutazamiwa na mtu. Filamu za Marekani, Hong Kong na India ziliingia katika vibanda, nazo zilikuwa katika lugha ambazo watazamaji wengi hawakuzijua. Wakazuka wasimulizi. Uganda wakaitwa mavije, na VJ Jingo akawa mmoja wa wenye jina. Tanzania alivuma Lufufu, aliyezisimulia kwa Kiswahili filamu nyingi, Titanic ikiwemo. Hapa Rwanda filamu hizo zikaitwa agasobanuye, kutokana na kitenzi cha Kinyarwanda gusobanura, yaani kueleza, na sauti ya Yanga, aliyefariki mwaka 2022, ikawa maarufu kuliko ya waigizaji wenyewe. Sisi tulio Gisenyi, ambako mpaka na Goma ni kizuizi cha barabarani tu, tumezoea kusikia filamu moja ikisimuliwa kwa lugha zaidi ya moja.

Wapo wasomi wanaowadharau wasimulizi hawa kwamba wanaharibu filamu. Ni kweli wanafunika muziki, na ni kweli wanasema mengi ambayo hayamo. Pia wanaua ukimya, na ukimya ni nusu ya kazi ya mwongozaji wa filamu ya kutisha. Lakini tutazame wanachokifanya kwa jicho la nadharia ya Hitchcock. Mtu anaingia katika picha, mwongozaji amekusudia tusijue yeye ni nani. Msimulizi anadokeza mapema: mwangalieni vizuri huyu, ndiye atakayemsaliti mwenzake. Mshtuko wa mwongozaji umevunjwa. Badala yake kibanda kizima sasa kinakaa na bomu chini ya meza kwa nusu saa, kikimwona msaliti akila chakula na rafiki yake. Msimulizi amegeuza mshangao kuwa taharuki. Hakujifunza hilo katika chuo cha filamu. Tunaamini amelirithi kwa fanani wa ngano, ambaye hadhira yake aghalabu ilikuwa inakijua kisa tangu zamani na bado ikatetemeka.

Hapa tunafika kwenye swali zito zaidi, na ambalo katika darasa la Rwanda haliwezi kuepukwa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yamehadithiwa katika filamu kadhaa. 100 Days ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Nick Hughes na kutayarishwa na Eric Kabera, ilipigwa Kibuye, kusini yetu kando ya Ziwa Kivu. Zikafuata Hotel Rwanda ya Terry George mwaka 2004, kisha mwaka 2005 Shooting Dogs ya Michael Caton-Jones, iliyopigwa katika shule ya ETO ya Kicukiro mambo yalikotokea, na baadhi ya walioshiriki kuitengeneza walikuwa manusura. Mwaka huo huo ilitoka Sometimes in April ya Raoul Peck, ambayo ilionyeshwa katika Uwanja wa Amahoro mjini Kigali mbele ya maelfu ya watu. Je, ni halali kutumia mbinu za filamu ya kusisimua juu ya vifo vya watu ambao jamaa zao wamekaa ukumbini?

Tulipojadili jambo hili na wanafunzi, wengine walisema si halali kabisa. Tunauheshimu msimamo huo, ila tunaona inafaa kutofautisha. Chukua tukio la kizuizi cha barabarani, ambalo limo katika karibu filamu zote hizi. Mkono unatoa kitambulisho, mkono mwingine unakipokea, kamera inakaa karibu. Kitambulisho cha kabila, kilicholetwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, ndicho bomu. Mtazamaji anajua kilichoandikwa na anajua neno hilo litafanya nini. Taharuki hapa haiongezi chumvi juu ya historia, kwa sababu hivyo ndivyo aliyesimama kizuizini alivyoishi dakika zile. Mtazamaji wa mbali, ambaye kwake 1994 ni tarakimu, anapewa sehemu ndogo sana ya kungoja kule.

Kwa upande mwingine lipo tukio la ukungu katika Hotel Rwanda. Gari linapita katika njia ya mtoni alfajiri, linaanza kurukaruka, mhusika anashuka akidhani wametoka barabarani, na ukungu unapofunguka anaona maiti. Mwongozaji ametuficha ili tushtuke pamoja na mhusika. Ni tukio lenye nguvu, halikosewi kiufundi, lakini tukiri kwamba hapo waliokufa wametumika kama mshtuko wa mwisho wa picha. Peck alichagua njia nyingine. Filamu yake inakwenda na kurudi kati ya mwaka 1994 na mwaka 2004, na swali linaloibeba ni la Augustin: mke wangu na watoto wangu waliishiaje? Jibu analo ndugu yake Honoré, aliye kizuizini Arusha. Yatakayotokea kwa ujumla tunayajua tangu mwanzo, wala filamu haijifanyi kutuficha. Kinachongojwa ni ndugu mmoja kumwambia mwenzake. Ni mbinu rejeshi ile ile tunayoifundisha katika riwaya, na humu imefanywa kuwa ya haki zaidi kwa sababu taharuki imehamishwa kutoka kwenye upanga hadi kwenye kauli.

Filamu ya habari za kweli nayo inastahili kutajwa kidogo. Katika Virunga ya Orlando von Einsiedel (2014), iliyopigwa ng'ambo yetu katika hifadhi na mjini Goma, baadhi ya mazungumzo yamenaswa kwa kamera zilizofichwa. Picha ni mbaya, imeinama, nyuso zinakatwa. Ubaya huo ndio unaotufanya tukae ukingoni mwa kiti, maana sisi tunajua kamera ipo na anayeongea hajui.

Tumalizie na mwana wa hapa hapa. Joël Karekezi, aliyezaliwa Rubavu mwaka 1985, aliongoza filamu iitwayo La Miséricorde de la jungle (2018). Mwaka 2019 ilishinda Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la FESPACO la Ouagadougou, naye Marc Zinga akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Ni kisa cha wanajeshi wawili wa Rwanda, Sajini Xavier na kijana Faustin, waliobaki nyuma ya kikosi chao mwaka 1998 katika misitu ya Kivu. Adui haonekani mara nyingi. Kinachoonekana ni majani, na kinachosikika ni msitu, na mtazamaji hupekua pembe za picha akitafuta kitu kinachotikisika. Ni yale yale macho yaliyomwona kuku.

Kwa walimu watakaopenda kulijaribu hili darasani, sisi hutumia sentensi moja tu: "Mgeni alibisha hodi, mama akafungua." Mwanafunzi anatakiwa kuigawa katika picha tano, mara ya kwanza ili mtazamaji ashtuke, mara ya pili ili ataharuki. Hatumruhusu kuongeza neno lolote la mazungumzo. Walio wengi hulimaliza zoezi la kwanza kwa dakika chache. La pili huwachukua kipindi kizima, na ugomvi wao karibu kila mara ni mmoja: picha ya kisu iwekwe ya ngapi.